Pima Kijito Kabla ya Kupanda Mti: Mwongozo wa Kutunza Bonde Dogo la Maji Milimani

Kila masika yanapokaribia, miche inagawiwa, picha zinapigwa, na chemchemi inazungushiwa miti bila mtu kujua ilikuwa inatoa lita ngapi. Miaka inapita, maji yanapungua, na kijiji kizima kinasema ni tabianchi. Huenda ni kweli. Huenda pia ni ile mikaratusi iliyopandwa mita kumi kutoka kwenye chemchemi. Pasipo na daftari la vipimo, ubishi huo hauna mwisho.

Mwongozo huu ni wa kamati ya mazingira ya kijiji, jumuiya ya watumia maji, au mwalimu wa jiografia mwenye wanafunzi wasioogopa mlima. Unahusu kijito kimoja na ardhi inayokilisha. Mifano mingi naitoa Uluguru, mkoani Morogoro, kwa sababu maji ya Ruvu yanayotegemewa na Dar es Salaam yanaanzia huko, na kwa sababu milima ile imejaribiwa karibu kila dawa, nzuri na mbaya.

Kwanza, msitu unaifanyia nini mvua

Tumezoea kuambiwa kwamba msitu huleta maji. Ukweli ni kwamba mti unakunywa, na unakunywa sana. Manyunyu mepesi ya asubuhi huishia juu ya majani na kukauka hapohapo bila kugusa ardhi. Mvua inayofika chini, sehemu yake inafyonzwa na mizizi na kurudishwa angani kupitia majani. Kinachobaki ndicho kinachozama, kinatembea polepole ndani ya udongo, kisha kinatokea kwenye chemchemi baada ya wiki au miezi.

Hili lilipimwa hapa kwetu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO, lilianza kulinganisha mabonde madogo yaliyo jirani. Kule Mbeya, bonde moja lilikuwa na msitu wa asili na la pili lilikuwa mashamba ya wakulima kwenye mteremko mkali. Kule Kericho, nchini Kenya, sehemu ya bonde la Sambret ilifyekwa ikapandwa chai, huku bonde jirani la Lagan likiachwa na msitu wake. Kule Kimakia, Kenya pia, mianzi iling'olewa ikapandwa misindano.

Matokeo ya Mbeya bado yanawashangaza wengi: bonde lenye mashamba lilitoa maji mengi kuliko lile lenye msitu, hata kiangazi. Lakini usikimbilie panga. Udongo wa pale umetokana na majivu ya volkano, una vinyweleo vingi, na uliendelea kumeza mvua hata baada ya kulimwa. Miti ilipoondoka, mnywaji aliondoka, na mlango wa ardhini ukabaki wazi. Mahali ambapo udongo ukilimwa na kukanyagwa unaziba, hali hugeuka: mvua inateleza juu, mto unafurika jioni, na ifikapo Septemba chemchemi haina kitu.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu bonde lako ni moja: mvua ikinyesha hapa, inazama au inateleza? Hatua zote zinazofuata ni za kulijibu hilo, kisha kuchukua hatua kulingana na jibu.

Kuna jambo jingine la vilele. Juu kabisa, kama kilele cha Bondwa au kingo za uwanda wa Lukwangule huko Uluguru, msitu unaishi ndani ya wingu. Matawi yamefunikwa kuvumwani nene, uoto mdogo laini wa kwenye magome, inayonasa ukungu na kudondosha matone hata siku isiyo na mvua. Huko msitu hauna mbadala wa shamba wala wa misindano. Ukiwa na msitu wa namna hiyo kwenye kichwa cha bonde lako, kazi yako ya kwanza ni kuulinda na moto.

Hatua ya 1: Chora mpaka wa bonde

Tafuta ramani ya mistari ya kimo ya kipimo cha 1:50,000. Ofisi ya ardhi ya wilaya au chuo kilicho karibu watakuwa nayo. Weka alama mahali unapotaka kupima maji, mfano juu kidogo ya banio, yaani kizuio kinachoingiza maji kwenye bomba la kijiji. Kutoka hapo panda kwa kalamu upande wa kulia, ukikata kila mstari wa kimo kwa pembe mraba, mpaka ufike kwenye mgongo wa mlima. Fuata mgongo, zunguka kichwa cha kijito, shuka upande wa kushoto mpaka kwenye alama yako. Ulichozungushia ndicho kinacholisha kijito. Ofisi za maji za mabonde huliita lidakio.

Weka juu yake karatasi ya miraba. Kwenye ramani hiyo, mraba wa milimita 2 kwa 2 ni hekta 1. Hesabu miraba, ile iliyokatwa na mpaka ihesabu nusu. Tuseme umepata hekta 40. Tutaitumia namba hii hadi mwisho.

Kisha panda, uutembelee mpaka wenyewe. Ramani haioni mfereji uliochimbwa na mzee fulani kuvusha maji kwenda bonde la pili, wala barabara inayokusanya maji ya mlima mzima na kuyamwaga upande mwingine. Mchukue mtu aliyekulia pale. Muulize chemchemi gani zilikuwepo zikafa, na kila moja uiweke kwenye ramani.

Hatua ya 2: Pima mvua

Kipima mvua cha dukani ni kizuri, lakini chombo chochote chenye pande zilizonyooka kinatosha, mradi mdomo na kitako vina upana sawa na kimesimama wima. Kifunge kwenye nguzo mahali pa wazi, umbali wa angalau mara mbili ya kimo cha mti au nyumba iliyo karibu. Soma kila siku saa 3 asubuhi, andika milimita, mwaga. Siku isiyo na mvua andika sifuri. Usiache nafasi tupu, kwa maana baada ya miezi sita hakuna atakayejua kama haikunyesha au msomaji alikwenda msibani.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani mita za ujazo 10 kwa hekta. Mvua ya milimita 20 kwenye hekta 40 ni mita za ujazo 8,000. Waonyeshe wanakijiji namba hiyo. Watu wanaopanga foleni ya ndoo huwa hawaamini kwamba maji kiasi hicho yalipita juu ya vichwa vyao mchana mmoja.

Hatua ya 3: Pima kijito

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi huruka. Kuna njia tatu, kutegemea ukubwa wa maji.

Chemchemi ndogo ipime kwa ndoo. Kusanya maji yote yapite kwenye kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 20, hesabu sekunde kwa simu. Ikijaa kwa sekunde 8, una lita 2.5 kwa sekunde. Rudia mara tano, chukua wastani.

Kijito kikubwa kidogo kipime kwa boya. Chagua mita 5 zilizonyooka zisizo na mawe makubwa. Pima upana kwa futikamba, pima kina sehemu tano au sita kuvuka kijito, tafuta wastani. Dondosha chungwa au kipande cha ubao juu kidogo ya mwanzo, hesabu sekunde mpaka kifike mwisho. Maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini, kwa hiyo punguza jibu kwa kuzidisha na 0.75; kijito chenye mawe mengi na kina kifupi tumia 0.65. Mfano: upana sentimita 80, kina cha wastani sentimita 12, mita 5 kwa sekunde 20. Eneo ni mita za mraba 0.096, kasi ni mita 0.25 kwa sekunde, na ukizidisha na 0.75 unapata lita 18 kwa sekunde. Chungwa ni bora kuliko kijiti kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu aliyedhamiria: kizingiti cha V. Unahitaji bati nene lenye upana wa mita moja na kitu. Kata katikati V ya nyuzi 90, kina sentimita 25 na upana wa juu sentimita 50. Piga tupa kingo upande unaoelekea chini ya mto, makali yabaki upande wa juu ya mto. Lizamishe bati kuvuka kijito, liwe wima, juu lilale sawasawa kwa pimamaji ya fundi, ziba pembeni na chini kwa udongo wa mfinyanzi na nailoni mpaka tone lote lipite kwenye V. Maji yadondoke upande wa pili kwa uhuru. Yakirudi nyuma kugusa ncha ya V, kipimo chako ni bure.

Mita moja juu ya mto kutoka kwenye bati, simamisha rula kwenye kigingi, sifuri yake ilingane kabisa na ncha ya chini ya V. Usisome kwenye V yenyewe, kwani maji hujikunja kabla ya kuanguka na yatakudanganya. Kimo cha sentimita 5 ni karibu lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4, sentimita 15 ni lita 12, sentimita 20 ni karibu lita 25. Ona jinsi kimo kikiongezeka mara mbili maji yanaongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana kusema "maji yamefika gotini" hakumsaidii mtu. Kwa vimo vingine, chukua kimo kwa mita, kipandishe kwenye kipeo cha 2.5, zidisha na 1.38, jibu ni mita za ujazo kwa sekunde.

Kabla ya kuweka kizingiti zungumza na bodi ya maji ya bonde. Kwa Uluguru ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi Morogoro mjini. Tanzania ina mabonde 9 na kila moja lina bodi yake. Hawa ndio wanaotoa vibali vya kutumia maji, na mara nyingine wana vipimo vya zamani vya mto wako. Zoa tope nyuma ya bati kila wiki, na kabla ya mafuriko makubwa ya Aprili livue, la sivyo utalifuata kijiji cha chini.

Soma rula kila siku saa ileile ya mvua. Kama huwezi kila siku, basi usikose mwisho wa kiangazi, wiki chache kabla ya vuli. Kipimo hicho kimoja cha Oktoba, kikirudiwa mwaka hadi mwaka, kina thamani kuliko vipimo thelathini vya Aprili.

Hatua ya 4: Tazama kijito siku ya mvua kubwa

Siku moja vaa makoti, kaa kwenye kizingiti wakati mvua kubwa inanyesha. Andika kimo kila nusu saa mpaka usiku, kisha asubuhi. Kijito kikipanda ghafla, kikawa cha rangi ya chai ya maziwa, na kufikia usiku kimerudi kilipokuwa, maji yametiririka juu ya ardhi. Kikipanda taratibu, kikabaki kimejaa kesho yake na keshokutwa, maji mengi yamezama kwanza. Kinga chupa ya lita moja kila unaposoma, ziweke mstari mmoja bila kuzitikisa hadi kesho. Unene wa tope chini ya kila chupa utakuonyesha saa ambayo udongo ulikuwa unahama.

Sasa panda kufuata tope hilo. Usianze kwa kulaumu shamba. Mara nyingi tope kubwa linatoka kwenye njia za miguu, njia za ng'ombe na barabara, kwa sababu hapo ndipo ardhi imeshindiliwa na maji yanakusanyika kuwa mkondo mmoja. Kijiji kinaweza kuchimba matuta mlima mzima huku njia moja ya kwenda gulioni inamwaga tope moja kwa moja kijitoni.

Ili kuhakikisha, fanya jaribio la debe. Toa vitako vya madebe matatu, yapigilie ardhini sentimita 5: moja msituni, moja shambani, moja njiani. Mimina maji hadi kimo kimoja, pima kila dakika tano yameshuka kiasi gani, ongeza maji yakikaribia kuisha, endelea hadi mwendo utulie. Mwendo huo uliotulia ndio uwezo wa udongo kumeza. Msituni maji hupotea unapokuwa bado unaandika saa, njiani utasubiri. Wakulima wakiona debe la njiani limejaa vilevile baada ya nusu saa, mkutano wa kijiji unakuwa mfupi.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwaka

Ukishapata miezi kumi na miwili, jumlisha. Tuseme mvua ilikuwa milimita 1,800 na kijito kilitoa wastani wa lita 10 kwa sekunde. Lita 10 kwa sekunde kwa mwaka ni mita za ujazo 315,360. Zitandaze juu ya hekta 40, unapata milimita 788. Milimita 1,012 zilizobaki zilikunywewa na mimea, zilikauka juu ya majani na ardhi, au ziko bado chini. Zaidi ya nusu ya mvua haikufika kijitoni, na hilo ni la kawaida kabisa. Usimtafute mwizi.

Namba ya mwaka ni nzuri kwa ripoti, lakini banio la kijiji linaishi kwa namba ya Oktoba. Ziweke mbili hizo bega kwa bega. Bonde lenye maji mengi kwa mwaka na machache Oktoba lina tatizo la maji kuteleza. Bonde ambalo zote mbili zimepungua huku mvua haijapungua lina mnywaji mpya au mchotaji mpya: shamba la miti, mfereji, au pampu.

Hatua ya 6: Tibu kulingana na ulichokiona

Kama maji yanateleza, anza na njia na barabara. Chimba michepuko ya kutoa maji kila baada ya hatua chache, yamwagike kwenye majani au migombani kabla hayajapata nguvu. Kazi hii haina sherehe na hakuna mfadhili anayepiga nayo picha, lakini hulipa haraka kuliko nyingine zote.

Halafu mashamba. Tengeneza fremu ya A: fito mbili za mita mbili zilizofungwa juu, moja ya kuzishika katikati, na jiwe linaloning'inia kwa kamba. Weka alama kwenye fito ya katikati, igeuze fremu miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Itembeze shambani, kila kamba ikigota katikati piga kigingi. Kila mstari uwe chini ya uliotangulia kwa kimo cha mita moja na nusu hivi. Kwenye mteremko wa asilimia 30 hiyo ni mita 5 kwa kutembea.

Juu ya mstari huo unaweza kuchimba fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake unarushwa upande wa mlimani, kama walivyofanya sana Machakos, Kenya, na kupanda majani ya tembo au guatemala kwenye tuta. Mifugo itakula, tuta litashikwa, na shamba litajigeuza ngazi lenyewe kadiri miaka inavyokwenda.

Hapa Uluguru ina funzo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kwenye udongo mwembamba ngazi zilichimbua udongo mfu kuuweka juu, mavuno yakashuka, faini zikaendelea. Mwaka 1955 ghasia zililipuka Matombo na mpango ukafa. Kwa hiyo pima kina cha udongo kwa sururu kabla ya kuamua. Ukigonga mwamba au kifusi chini ya nusu mita, acha ngazi. Tumia mistari ya majani, masalia ya mazao yaliyolazwa kwa usawa, na uache kuchoma moto. Na usimlazimishe mtu. Anza na shamba la anayetaka.

Mteremko mkali kupita kiasi urudishiwe miti ya mizizi mirefu. Februari 1970, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta, hukohuko Uluguru, kwa muda usiozidi saa tatu, na mamia ya maporomoko yakatokea. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye majani, si msituni. Mtaro unaweza kumezesha mlima maji, lakini ni mzizi unaoushikilia mlima ukishashiba.

Kama tatizo ni mnywaji, hamia kwenye chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ndani ya eneo hilo ng'oa mikaratusi polepole, sehemu kwa sehemu, na palipofyekwa pandwe mikuyu, mizambarau mwitu na miti mingine ya asili inayojiotea yenyewe kwenye mabonde ya jirani. Nchini Kenya, mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito na maeneo oevu, na ubishi wake haujaisha hadi leo, kwa sababu nguzo na kuni zina bei. Kwa hiyo mpe mwenye mti mahali pengine pa kupanda, juu kwenye mgongo mkavu mbali na maji. Mkaratusi si adui. Amekaa tu mahali pasipo pake.

Zungushia jicho la chemchemi uzio, chimba mtaro mdogo juu yake wa kuelekeza maji machafu pembeni, na wajengee ng'ombe birika la kunywea chini ya banio. Ukifunga uzio bila birika, uzio utakatwa.

Hatua ya 7: Nani atasoma rula

Mlipe msomaji, hata kwa kumwondolea ada ya bomba. Kazi ya kujitolea ya kila siku hufa msimu wa kulima. Daftari liwe na safu tano: tarehe, mvua, kimo cha rula, rangi ya maji, na maelezo, ambapo unaandika mambo kama "moto umepita juu ya Tegetero" au "pampu mpya imefungwa juu". Piga picha kurasa kila mwisho wa mwezi, nakala moja ipelekwe bodi ya bonde, nyingine ibaki kwa mtendaji wa kijiji.

Yaandikeni makubaliano ya mita 60, moto na njia za mifugo kuwa sheria ndogo ya kijiji, ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji kisha halmashauri ya wilaya. Na kama kuna mtumiaji mkubwa chini yenu, nendeni kwake na daftari mkononi. Huko Kibungo Juu, upande wa mashariki wa Uluguru, mashirika ya kimataifa ya CARE, la misaada, na WWF, la uhifadhi, yaliwahi kuendesha mradi ambao wakulima walilipwa kwa kutunza mashamba yao, fedha zikichangiwa na watumiaji wa maji wa Dar es Salaam. Mnunuzi wa namna hiyo huuliza kwanza maji yalikuwa kiasi gani na tope kiasi gani kabla kazi haijaanza. Ndiyo maana kizingiti kiwekwe angalau mwaka mzima kabla ya jembe la kwanza, na ikiwezekana bonde la jirani ambalo hamtaligusa liwekewe kizingiti cha pili siku hiyohiyo.